Kuuzunguka mji wa Arusha kwa Coaster, na chai mkononi

Arusha ni mji ambao watu wengi wanaupita. Mgeni anashuka stendi, anapanda gari la mbugani, anaondoka. Na mwenyeji? Yupo mtu kazaliwa Ngarenaro, ndevu zimeota mvi, na hajawahi kuvuka geti la Boma, ile ngome ya Wajerumani iliyo makumbusho sasa. Kama una kikundi cha vikoba, kwaya, wanafunzi mliomaliza pamoja, au ukoo uliojaa wageni wa harusi, kodini basi dogo la Coaster kwa siku moja mzunguke wenyewe. Mwongozo huu ni wa kikundi kinachojigharimia. Ukitaka kuchukua watalii kwa malipo, hiyo ni biashara ya utalii na ina leseni yake.

Jambo moja ulishike kabla ya kupiga simu yoyote. Sehemu ya kihistoria ya Arusha ni ndogo. Kutoka Mnara wa Saa hadi Boma ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kwa hiyo sababu ya kukodi gari siyo umbali. Unalikodi ili watu wakae pamoja, wasimuliwe, wapoze koo kati ya kituo na kituo. Ukipanga kwa fikra hiyo, njia na chai vitajipanga vyenyewe. Vinginevyo umekodi daladala yenye soda.

1. Chagua siku

Jumamosi asubuhi ndiyo siku yangu. Siku za kazi Barabara ya Sokoine inabana, na Jumapili nusu ya kikundi iko ibadani hadi mchana. Ikwepe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana ni ya usafi na maduka huchelewa kufunguliwa. Uliza pia kama kuna mkutano mkubwa mjini. Marais wa Afrika Mashariki wakikutana, barabara za kuzunguka AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, hufungwa, na hakuna dereva atakayekupitisha hapo kwa maneno matamu.

Machi hadi Mei ni masika. Inawezekana, ila matope ya Tengeru utayajua. Juni na Julai ni baridi ya kweli, chai inaisha mapema. Msimu wowote uwao, anza mapema. Mlima Meru, mita 4,566, hujionyesha asubuhi, kisha mawingu yanaufunika na mgeni anarudi kwao akidhani ulikuwa hadithi.

2. Likague gari kwa macho yako

Usikodi kwa picha za simu. Ukaguzi wa kweli ni mlangoni: nenda ukapande mwenyewe. Je, bibi wa miaka sabini atapanda ngazi ile bila kubebwa? Vioo vinafunguka? Mikanda ipo kila kiti? Spika na maiki vinafanya kazi injini ikiwa inaunguruma? Mwambie dereva awashe gari, kisha wewe ukakae kiti cha nyuma kabisa usikilize. Gari lenye muziki mzito mara nyingi lina maiki mbovu.

Kama gari ni la abiria lenye njia yake ya kila siku, mwenye gari anatakiwa awe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kulitoa nje ya njia hiyo kwa ajili ya kukodiwa. Hilo ni jukumu lake, lakini mwambie akuonyeshe kabla ya siku, kwa sababu trafiki akilisimamisha gari ni wageni wako watakaoungua jua. Andikianeni: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mafuta ni juu ya nani, maegesho ni juu ya nani, konda anakuja au haji. Mimi namtaka konda. Ndiye anayejua kufunga deli la barafu lisitembee kwenye kona.

Usijaze viti vyote. Coaster ya watu 29, chukua 24. Safu ya nyuma iwe jiko: chupa za chai, deli, vikombe, mfuko wa takataka. Kundi likijaa hadi mlangoni, chakula kinaishia mapajani mwa watu, na hapo hakuna tena utulivu wa kusikiliza.

Halafu kumbuka mlango uko kushoto. Panga njia ili kila kituo cha kushuka mkifikie kikiwa upande wa kushoto wa barabara. Watoto na wazee wasivushwe Barabara ya Makongoro bila sababu.

3. Njia

Kutanikeni nje ya Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kila mtu anaujua, hata anayetoka Sakina au Kijenge atafika bila kuelekezwa. Tangaza saa 2:00 asubuhi, nia yako ikiwa kuondoka saa 2:45. Dakika hizo arobaini na tano ndizo za chai ya kwanza, gari limesimama, injini imezimwa. Waliowahi wanapata chai ya moto, waliochelewa wanakuta vikombe vinaoshwa. Hakuna haja ya kugomba na mtu.

Wakati watu wanakunywa, anza na jina la uwanja wenyewe. Sheikh Amri Abeid Kaluta alikuwa mshairi, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki 1964. Vijana wengi wameshangilia mpira pale miaka yote bila kujua kwamba jina hilo ni la mtu aliyeandika kanuni za kutunga mashairi ya Kiswahili. Kama kikundi chenu kina mtu wa mashairi, mwache aimbe ubeti mmoja. Mmoja tu.

Kituo cha kwanza cha kushuka ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, karibu na mnara wenye mwenge kwenye mzunguko wa Makongoro. Umbali ni mfupi kiasi kwamba simulizi lazima liwe limeanza mkiwa bado uwanjani. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana hapa Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio, tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake benki zikataifishwa. Jengo ni la kawaida kabisa, na hapo ndipo utamu ulipo. Wageni hutarajia ukumbi wa marumaru, wanakuta nyumba ya wastani ambamo mambo ya nchi nzima yalibadilika. Limekuwa makumbusho tangu 1977. Tenga dakika arobaini. Kama mna mzee aliyekuwa mtu mzima wakati ule, hapa ndipo pa kumpa nafasi ya kusema. Mwombe mapema na kwa heshima: "Babu, tukifika Azimio tunaomba utuambie siku ile redio ilisema nini." Atajiandaa usiku kucha.

Kutoka hapo mnakwenda Boma, lakini mwambie dereva apitie kwanza upande wa AICC, polepole, bila kusimama. Yale majengo yalijengwa yawe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, na mwaka uliofuata kikaanzishwa kituo cha mikutano. Mabawa yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Hapa ndipo ilipofanyia kazi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Arusha pia ndiko yaliposainiwa makubaliano ya amani ya Burundi, Agosti 2000, usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela.

Kipande hiki hakiendi na vitafunwa. Mwambie konda afunge mabakuli kabla hamjafika. Huwezi kujua nani ndani ya gari ana ndugu Kigali au Bujumbura, na kutafuna karanga wakati habari hiyo inasimuliwa ni utovu wa adabu hata kama hakuna atakayesema kitu. Wala msielekeze kamera kwa walinzi.

Boma lipewe muda mrefu kuliko vituo vingine vyote: saa moja na robo. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 kama ngome ya jeshi, kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi hiyo. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 wakaendelea kulitumia kwa utawala. Tangu 1987 ni makumbusho ya taifa, na ndani kuna mambo ya chimbuko la binadamu: Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, Julai 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6. Kwa watoto, nyayo zinashinda kila kitu. Waambie wasimame karibu nazo wapime hatua zao, utaona jinsi wanavyonyamaza.

Hapa pia pana vyoo na kivuli. Omba ruhusa kwa wahudumu kabla ya kutandaza kitu chochote kwenye bustani. Wakikataa, vitafunwa vya pili vinaliwa ndani ya gari likiwa limesimama. Watanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni kutoka nje, kwa hiyo kila mtu aje na kitambulisho. Kikundi kikubwa kipige simu siku mbili tatu kabla.

Mnara wa Saa msishuke. Hakuna pa kuegesha basi, na wapiga debe wa vinyago watalivamia kundi kama siafu. Uzungukeni polepole huku msimuliaji akieleza ule usemi kwamba mko nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Ukichukua ramani na rula ubishi unaanza, na uache uanze. Ni usemi uliozaliwa na ndoto ya Waingereza ya barabara kutoka mwisho mmoja wa Afrika hadi mwingine, na dakika tano za ubishi ndani ya gari zina thamani kuliko dakika kumi za maelezo.

Shukeni na Barabara ya Sokoine. Jina ni la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, mtoto wa Monduli. Soko Kuu lipiteni tu. Watu 24 wakishuka sokoni Jumamosi, utawarudisha 19, na wawili kati yao wamenunua kuku. Kama muda unaruhusu, pitieni kituo cha treni. Reli kutoka Moshi ilifika hapa 1929. Abiria walikaa miongo bila treni, hadi huduma iliporudi Oktoba 2020.

Sasa saa 6:00 mchana imekaribia na kila mtu amechoka kusimama. Hapo ndipo gari linapolipa: elekeeni Tengeru kwa barabara ya njia nne. Mlima uko kushoto mkienda na kulia mkirudi, kwa hiyo watu wabadilishane viti Tengeru. Jambo dogo linalozuia manung'uniko makubwa. Njiani simulieni habari ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini habari ilizunguka nchi nzima na kuwaamsha wengi. Kwa maoni yangu hii ndiyo hadithi bora ya safari yote, na inasimuliwa vizuri zaidi mlima ukiwa dirishani.

Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, ulizeni getini. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliishi kambini hapa baada ya kupitia Siberia na Uajemi. Wachache walibaki maisha yao yote. Kisha Ziwa Duluti, kwenye kasoko ya volkano, kula chakula cha mwisho na kupumzika. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, foleni ipo, ila ndizi na parachichi za kupeleka nyumbani zipo pia.

4. Anayesimulia

Awe mmoja. Mwalimu mstaafu anafaa kuliko kijana mwenye sauti nzuri na maelezo ya kukariri. Kanuni yake ni hii: aseme kabla ya kufika. Watu wakishashuka, nusu wako kwenye selfi na nusu wanatafuta choo. Kwa kila mahali mambo matatu yanatosha, moja liwe la mtu mwenye jina na sura. Tarehe nyingi mfululizo zinalaza watu.

Wazee wataingilia kusahihisha. Waachie. Ila maiki ishikwe na msimuliaji, mzee azungumze naye akiwa ameishikilia. Ukimkabidhi mkononi, mtafika Usa River hamjatoka kwenye mwaka 1962. Kwa watoto, maswali mafupi na zawadi ya pakiti ya ubuyu.

5. Vinywaji na vitafunwa

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuleta chakula cha sherehe ndani ya gari linaloyumba.

Sheria ya kwanza: cha moto hakinywewi gari likitembea. Haijalishi barabara ni nzuri kiasi gani. Bodaboda mmoja akikatiza, dereva anashika breki na chai iko kifuani mwa mtoto. Chai na kahawa ni za gari lililosimama. Kwa watu 24, kikombe cha robo lita, unahitaji lita 6 kwa mzunguko mmoja, yaani chupa mbili za lita 3. Chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye moja, ya rangi kwenye nyingine. Sukari ikae pembeni. Wenye kisukari ni wengi kuliko wanaojitangaza. Kahawa iwe ya hapahapa. Kumkaribisha mgeni Arusha kwa kahawa ya unga ya kopo ni aibu, mashamba yako dirishani.

Gari likitembea ni maji, karanga, ndizi mbivu, korosho kama mfuko unaruhusu. Mtoto chini ya miaka mitano asipewe karanga ndani ya gari, zinapalia. Maji chupa ndogo mbili kwa kila mtu, yaani 48. Wapo wanaopendekeza ndoo yenye koki ili kupunguza chupa. Nyumbani sawa, kwenye gari sakafu inageuka bwawa. Soda na juisi ya pesheni ziweke kwa ajili ya Duluti. Juisi saa 3:00 asubuhi ni choo saa 3:40, na kati ya Azimio na Boma hakuna pa kusimama.

Vitafunwa vya kushika kwa mkono mmoja: sambusa, maandazi, vitumbua, mayai ya kuchemsha yaliyomenywa tayari. Maganda ya mayai kwenye Coaster utayafagia wiki nzima. Sambusa za nyama zitoke kwenye mafuta asubuhi hiyohiyo, zikae kwenye hotpoti, na ziliwe Azimio. Chakula chenye nyama kikishapoa kisikae zaidi ya muda wa saa mbili, hasa ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa hiyo Boma wapewe maandazi na matunda. Chipsi mayai hapana. Dagaa wa kukaanga ni watamu, lakini vioo vimefungwa na mbele yako kuna watu wenye kichefuchefu.

Chakula cha kukaa chini kiagizwe kwa mama lishe siku moja kabla, kiwangojee Tengeru. Agiza loshoro, mahindi au ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, wageni waonje chakula cha Waarusha na Wameru penyewe. Weka na wali na nyama pembeni kwa wasiozoea. Bia, kwangu mimi, hapana hadi gari limewashusha watu. Mkikubaliana vinginevyo, dereva na konda wapewe soda, na neno hilo lisemwe wazi mbele ya wote.

Mifuko ya plastiki ni marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo fungasha kwa karatasi na vyombo vyenye mifuniko. Vikombe vya bati au melamini ni bora kuliko vya kutupa. Beba beseni, sabuni, dumu la maji ya kunawa, tishu, na ndoo yenye mfuniko ya takataka. Ongeza vifuko vichache vya karatasi imara kwa wanaotapika, uvigawe kimyakimya.

6. Michango

Kusanya yote wiki moja kabla, kwa simu, kwa mtu mmoja anayeandika majina. Anayesema "nitalipa palepale" ndiye atakayeleta watoto watatu ambao hamkuwahesabu. Tenga akiba kwa ushuru wa maegesho, viingilio, na bahashishi ya dereva na konda. Hiyo bahashishi itoeni kabla ya mwendo wa kurudi, siyo baada; utaona jinsi kona zitakavyopungua ukali.

7. Mkiwa na wageni wa kukaa zaidi

Msijaribu kuunganisha Moshi siku hiyohiyo. Ni kilomita takriban 80, na Moshi ina habari zake za kutosha siku nzima: kituo cha reli iliyofika kutoka Tanga 1911, chama kikuu cha ushirika wa kahawa KNCU kilichoanzishwa 1933, na huko juu Old Moshi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, pamoja na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Kwa safari hiyo badilisha menyu: mtori kwenye hotpoti mkifika, na mbege kwa watu wazima mwisho kabisa. Chagua gari dogo lenye nguvu kwa ajili ya mpando wa Old Moshi, na kama mvua imenyesha usiku, mpigie simu mwenyeji wa huko juu kabla ya kuondoka Arusha, akuambie barabara imeamkaje.